Chumvi Haizuii Maji Kuganda: Uhakiki wa Sentensi Tatu za Sayansi

Miongoni mwa rasimu ambazo wanaistilahi huombwa kuzipitia, zipo zile ambazo kila neno lake ni sanifu, upatanisho wake wa kisarufi ni sahihi, na hata hivyo sentensi nzima inampotosha msomaji. Hizo ndizo rasimu ngumu kuliko zote. Penye istilahi mbaya mhariri hukata akaandika nyingine. Penye istilahi nzuri zilizopangwa vibaya hana pa kuweka kalamu. Katika makala haya tumekusudia kuzihakiki sentensi tatu za aina hiyo. Hatukuzitoa katika kitabu kimoja wala ofisi moja. Ni sentensi ambazo mfasiri yeyote angeweza kuziandika bila wasiwasi, na mwalimu yeyote angeweza kuzisema ubaoni. Zenyewe ni hizi:

Chumvi huzuia maji yasigande.

Chumvi huyeyusha barafu.

Chanjo iliyoganda isitumike.

Msomaji atauliza chanjo imeingiaje katika mambo ya chumvi na barafu. Tunamwomba avumilie kidogo, kwa maana hiyo sentensi ya tatu ndiyo iliyotufanya tuzitazame upya zile mbili za mwanzo.

Tumechagua kuzipima sentensi hizi kwa masikio ya msomaji wa wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara. Hatukuchagua hivyo kwa upendeleo. Istilahi zetu nyingi zimepimwa kwa masikio ya Dar es Salaam, ambako barafu huuzwa mitaani na friji ni chombo cha kawaida. Mwalimu wa Nyamwaga, au muuguzi wa zahanati iliyo mbali na Mugumu, ana Kiswahili kile kile tulicho nacho sisi, ila kimekutana na mambo mengine. Nyumbani aghalabu husemwa Kikurya, Kingoreme, Kiikoma, Kinata au Kiisenye, na Kiswahili kimejifunzwa sokoni, shuleni na katika shughuli za serikali. Msomaji wa namna hii hulipokea neno la Kiswahili pamoja na vitu alivyoviona vikiitwa kwa neno hilo, na ana haki ya kufanya hivyo.

Sasa, ameona vitu gani vikiitwa kuganda? Maziwa hutiwa kibuyuni yakaganda. Damu ya mnyama aliyechinjwa huganda. Mafuta ya nyama huganda sufuriani asubuhi ya baridi, na uji ulioachwa usiku kucha huganda. Maji peke yake ndiyo hayagandi mbele ya macho yake. Barafu aliyoiona bila msaada wa mtambo ni ile ya mvua ya mawe, na lugha yenyewe imeiita mawe. Haikuiita maji yaliyoganda. Yapo maneno jalidi na sakitu, yanayotaja baridi ya kugandisha, lakini yamelala katika kamusi na sisi hatukumbuki mara ya mwisho kuyaona katika kitabu cha shule.

Jambo la kuzingatia ni hili. Katika mifano hiyo minne, kitu cha majimaji kimeshikamana. Lakini mafuta ukiyapasha moto yanarudi kuwa majimaji, ilhali maziwa na damu havirudi. Mtindi ukiuchemsha haugeuki kuwa maziwa mabichi. Kwa hiyo kitenzi kuganda kimebeba mambo mawili yaliyo tofauti kabisa kwa mwanasayansi: kushikamana kwa muda kunakosababishwa na baridi, na kushikamana kwa kudumu kunakotokana na mabadiliko ya kitu chenyewe. Kiingereza kina kitenzi chake kwa maji yanayogeuka barafu, kingine kwa damu, na kingine kwa maziwa. Kiswahili kimeridhika na kimoja. Hatusemi kwamba huo ni upungufu. Mnenaji wa Kiswahili ameona kwamba yote ni kushikamana, na ameona sawasawa. Taabu huanza pale mfasiri anapodhani kwamba neno moja la Kiswahili lililosimama mahali pa neno moja la kigeni lina mipaka ile ile.

Mfano mmoja wa nyumbani utatosha. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto, alitia katika friza mchanganyiko wa maziwa na sukari ukiwa bado wa moto, akaona umetangulia kugeuka aiskrimu kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Swali lake alilipeleka baadaye kwa Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la ufundishaji wa fizikia la Uingereza. Hadi leo jambo hilo linajulikana duniani kwa jina la Mpemba, na hadi leo wanasayansi wanabishana kama ni kweli. Sehemu kubwa ya ubishi ni ya istilahi: je, kuganda ni kufikia sifuri, ni kuanza kufanya barafu, au ni kumaliza kuwa barafu yote? Majibu ya maswali hayo matatu hayalingani. Na sisi tunaongeza la nne, la kwetu: ukimwambia mfugaji wa Tarime kwamba maziwa ya moto ya kijana yule yaliganda kwanza, atakuuliza kibuyu kilikuwa kimeoshwa vizuri?

Turudi kwenye chumvi, na kwanza tuseme linalotokea, ndipo tuihukumu sentensi.

Barafu ni molekuli za maji zilizojipanga kwa utaratibu maalumu, na katika utaratibu huo chumvi haina nafasi. Maji safi na barafu vikiwa pamoja katika nyuzi sifuri za sentigredi, kuna molekuli zinazobanduka katika barafu kuingia majini, na nyingine zinazotoka majini kurudi katika barafu; idadi zao ni sawa, hivyo barafu haipungui wala haiongezeki. Tia chumvi majini. Chembe za chumvi sasa zimechukua sehemu ya nafasi, na molekuli za maji zinazorudi katika barafu zinakuwa chache kuliko zinazobanduka. Barafu inashindwa. Ili idadi zile mbili zilingane tena ni lazima baridi iongezeke. Ndiyo kusema maji yenye chumvi huganda, ila huganda chini zaidi ya sifuri. Maji ya bahari, yenye gramu 35 hivi za chumvi katika kila kilo, huganda karibu nyuzi 1.9 chini ya sifuri. Ukizidisha chumvi hadi ifike asilimia 23 hivi ya uzito wa mchanganyiko, kuganda kunasogea hadi nyuzi 21 chini ya sifuri, na hapo ndipo mwisho wa uwezo wa chumvi ya mezani.

Kwa hiyo sentensi ya kwanza, chumvi huzuia maji yasigande, ina kosa katika kitenzi huzuia. Kuzuia ni kukataza. Anayezuia ng'ombe wasiingie shambani amefunga njia. Hakuisogeza hatua chache mbele. Chumvi haifungi njia. Inaisogeza. Bahari za ncha za dunia hufunikwa na barafu kila mwaka pamoja na chumvi yake yote. Mfasiri aliyeandika huzuia huenda alifasiri sawasawa alichokiona katika matini chanzi, kwa kuwa Waingereza nao husema hivyo ovyo. Lakini wao wanaisoma sentensi hiyo wakiwa na barabara zinazomwagiwa chumvi kila majira ya baridi, na wanajua kwamba baridi ikizidi sana barabara huganda vile vile. Msomaji wetu hana barabara hizo za kumsahihishia sentensi. Kwake sentensi ndiyo yote aliyo nayo.

Wapo watakaosema kwamba tunatafuta neno la kukosoa, na kwamba kwa mtoto wa darasa la sita tofauti kati ya kuzuia na kusogeza si kubwa. Kwa mtoto huenda. Hebu tuipeleke sentensi zahanati.

Chanjo za watoto husafirishwa kutoka makao ya wilaya hadi vijijini katika masanduku ya kubebea chanjo, na ndani yake huwekwa vile vichupa bapa vya plastiki viitwavyo pakiti za barafu. Njiani na zahanati, chanjo zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8. Watu wengi wanajua kwamba joto huharibu chanjo. Wachache zaidi wanajua kwamba baadhi ya chanjo huharibiwa na baridi ya kugandisha, na uharibifu huo hauponi: ile ya homa ya ini B, ile ya pepopunda, na ile ya pamoja inayokinga dondakoo, kifaduro na pepopunda. Chanjo ya homa ya ini B huganda karibu nusu nyuzi tu chini ya sifuri. Na kwa nini haigandi kwenye sifuri yenyewe? Kwa sababu imo katika maji yenye chumvi kidogo, takriban asilimia 0.9, kama maji ya dripu. Chumvi hiyo imesogeza kuganda kwake kwa nusu nyuzi, basi.

Nusu nyuzi hiyo ndiyo akiba yote ya muuguzi. Barafu ya maji matupu iliyoanza kuyeyuka hukaa kwenye sifuri, haiendi chini, hata saa zipite, maadamu kuna barafu na maji pamoja. Ndiyo maana wahudumu hufundishwa kuziacha pakiti nje ya friza mpaka ukizitikisa usikie maji yakicheza ndani, ndipo zitiwe sandukuni; na ndiyo maana siku hizi kwa chanjo hizo hupendekezwa pia pakiti za maji baridi yasiyogandishwa kabisa.

Sasa mpe muuguzi mwenye bidii sentensi yetu ya kwanza. Amefundishwa kwamba chanjo ikiganda imeharibika. Amesoma, katika Kiswahili fasaha, kwamba chumvi huzuia kuganda. Safari ya leo ni ndefu na vijiji viko mbali. Hoja inajijenga yenyewe: nikitia chumvi katika maji ya pakiti, pakiti haitaganda sana, na chanjo yangu itakuwa salama. Kila hatua ya hoja hiyo inafuata sentensi aliyopewa. Matokeo yake ni kinyume kabisa cha alichokusudia. Pakiti ya maji ya chumvi ikitoka katika friza haitakaa kwenye sifuri. Itakaa nyuzi kadhaa chini ya sifuri, kwa saa nyingi, ikigusana na chupa ambazo akiba yake ni nusu nyuzi. Atakuwa amezigandisha chanjo kwa kutumia kitu alichoambiwa kinazuia kuganda.

Hatumlaumu muuguzi huyo, ambaye tumemtunga kwa ajili ya hoja. Tunailaumu sentensi. Ingeandikwa chumvi hushusha kiwango cha kuganda cha maji, asingeweza kuijenga hoja ile, kwa kuwa kitenzi kushusha kingemwuliza mara moja: kushusha hadi wapi? Sentensi nzuri ya sayansi huacha wazi swali linalopaswa kuulizwa. Sentensi yenye huzuia imelifunga.

Sentensi ya pili, chumvi huyeyusha barafu, ni ya kweli, na hapa ndipo tunapopata taabu zaidi. Kila mnenaji wa Kiswahili anajua kinachoyeyusha: ni joto. Jua huyeyusha nta, moto huyeyusha samli. Akisikia kwamba chumvi huyeyusha barafu, ataona kwamba chumvi ina moto ndani yake, jambo ambalo ladha yake kali huenda ikalithibitisha. Akitia kipimajoto ndani ya mchanganyiko wa barafu na chumvi atashangaa. Barafu inayeyuka, na huku inazidi kuwa baridi. Barafu iliyopondwa sehemu tatu kwa chumvi sehemu moja hushuka hadi karibu nyuzi 20 chini ya sifuri, bila mtambo wowote. Waliokuwa wakitengeneza aiskrimu kwa mkono, kabla ya friza kuenea, walitegemea jambo hili hasa.

Sababu yake si ya miujiza. Kilo moja ya barafu haiwezi kuyeyuka bila kupokea kilojuli 334 hivi za joto. Chumvi imeilazimisha iyeyuke lakini haikuiletea joto lolote. Basi joto hilo linachukuliwa katika mchanganyiko wenyewe na katika chombo, na vyote vinapoa. Chumvi imeilazimisha barafu ilipe deni, na barafu imelilipa kwa mali ya nyumba.

Tatizo la istilahi hapa ni kwamba katika mchakato huo mmoja kitenzi kuyeyuka kinafanya kazi mbili. Barafu inayeyuka, yaani inatoka hali ya yabisi kuwa majimaji kwa kupokea joto. Chumvi nayo inayeyuka, yaani inasambaa majini chembe kwa chembe hadi isionekane. Tazama sentensi hii: chumvi inapoyeyuka huyeyusha barafu, na barafu iliyoyeyuka huyeyusha chumvi zaidi. Ni sahihi yote, na haieleweki yote. Mwanafunzi hawezi kujua kwamba kuyeyuka kwa kwanza hakuhitaji moto na kwa pili kunauhitaji. Chumvi peke yake, bila maji, haiyeyuki mpaka ifike nyuzi 801. Mwalimu akisema hivyo darasani baada ya kuiyeyusha chumvi katika glasi ya maji baridi, darasa zima lina haki ya kucheka.

Dawa ipo, na haikuhitaji kubuniwa. Kitenzi kumumunya kinajulikana na kila mtoto aliyewahi kupewa peremende: kitu kinawekwa mdomoni, hakitafunwi, kinakwisha taratibu katika mate. Hicho ndicho kinachotokea kwa chumvi majini. Kutokana na kitenzi hicho limetumika katika maandishi ya sayansi neno mmumunyo, likishindana na myeyusho. Sisi twaona mmumunyo lishinde, na kitenzi chake kitumike bila aibu: chumvi humumunyika, barafu huyeyuka. Tunajua wapo wanaoliona neno hili la kitoto. Tunawakumbusha kwamba neno mkondo wa umeme lilitoka mtoni, na hakuna anayelowa kwa kulisema. Sentensi yetu sasa inasomeka: chumvi inapomumunyika huilazimisha barafu iyeyuke katika baridi iliyo chini ya sifuri. Ni ndefu kidogo kuliko ile ya awali. Inasema kweli, na haimpi msomaji moto usiokuwapo.

Na chumvi yenyewe? Msomaji wa Serengeti anajua magadi, anajua chumvi ya mezani, na mfugaji anajua chumvi ya kulambisha ng'ombe. Katika kemia yote hayo ni chumvi kwa namna mbalimbali, lakini katika sentensi za jikoni chumvi ni moja. Hapa hatuna ugomvi mkubwa, ila mfasiri asimfanye msomaji aamini kwamba kazi hii ni siri ya chumvi ya mezani. Magadi hufanya hivyo, na sukari pia. Kinachohesabiwa ni wingi wa chembe zilizomumunyika. Gramu 58.5 za chumvi katika kilo ya maji hushusha kuganda kwa nyuzi 3.4 hivi. Kwa sukari zinahitajika gramu 342 ili kushusha nyuzi zipatazo 2 tu, kwa sababu molekuli ya sukari ni kubwa na haigawanyiki, ilhali chumvi ikimumunyika hugawanyika kuwa ioni mbili.

Tumefika kwenye sentensi ya tatu: chanjo iliyoganda isitumike. Hapa hakuna chumvi, ila kuna lile neno lililotuleta huku, na safari hii kosa limejificha katika sarufi.

Kirejeshi iliyoganda kina maana mbili. Nyama iliyoganda ni nyama ambayo sasa hivi ni ngumu kama jiwe. Mtu aliyesoma ni mtu ambaye wakati fulani alisoma, na hata kama leo hasomi bado anaitwa aliyesoma. Kiambishi ni kile kile -li-. Kwa vitenzi vya kuingia katika hali, kama kuganda, kulala, kukauka, sikio la Kiswahili huchagua maana ya hali ya sasa. Mtoto aliyelala ni yule aliye usingizini. Kwa hiyo muuguzi anayesoma chanjo iliyoganda isitumike atachukua chupa, ataiinua kwenye mwanga, ataona majimaji. Haikuganda. Ataitumia.

Kumbe iliganda jana usiku na leo imeyeyuka. Chanjo za aina tuliyoitaja zina dawa iliyoshikizwa katika chembe za aluminiamu. Barafu inapofanyika chembe hizo husukumana zikaungana kuwa mabonge, na barafu ikiisha mabonge hayaachani. Wataalamu wana jaribio la kutikisa: chupa inayoshukiwa hutikiswa pamoja na chupa ya chanjo ile ile, ya toleo lile lile, iliyogandishwa makusudi kisha ikayeyushwa, na zote mbili zikaachwa zitulie. Ikiwa mashapo ya inayoshukiwa yanatua kwa kasi sawa na ya ile iliyogandishwa, au zaidi, basi imeharibika. Na muuguzi wetu akiyaona mabonge hayo chini ya chupa ataliita jambo hilo kwa neno gani? Ataliita kuganda. Atakuwa amesema kweli, kwa maana ile ya maziwa na damu. Chanjo imeganda kama maji, ikarudi. Na imeganda kama maziwa, haikurudi. Neno moja limetaja sababu na matokeo, na maelekezo hayakumwambia ni lipi analopaswa kulitafuta.

Tunapendekeza maelekezo ya namna hiyo yaandikwe hivi: chanjo iliyowahi kugeuka barafu isitumike, hata ikiwa sasa ni majimaji, mabonge yakionekana ni dalili mojawapo. Kitenzi kuwahi kinaondoa utata wa wakati, na kugeuka barafu kinaondoa utata wa maziwa. Hakuna istilahi mpya hata moja. Kwa damu, anayetaka kuwa makini aseme kuganda kama kawaida, kwani hapo neno liko kwao. Ni maji yanayopaswa kutafutiwa usemi wake, kwa sababu maji ndiyo mgeni.

Suala hili si la watoto tu. Kati ya 1996 na 2001 mbwa wa vijiji vya wilaya ya Serengeti walichanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa katika kampeni ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2003, na uchanjaji wa mbwa kuizunguka hifadhi umeendelea kuwa jambo la kawaida tangu hapo. Mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa mbwa, distempa, ulikuwa umeua takriban theluthi ya simba wa Serengeti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba chanjo mojawapo ya kichaa cha mbwa hubaki na nguvu yake hata ikikaa miezi sita katika nyuzi 25, au miezi mitatu katika nyuzi 30. Habari hiyo ni njema kwa vijiji visivyo na umeme. Kwa mfasiri ina mtego: ukiandika kwamba chanjo hiyo huvumilia joto, usimfanye msomaji aelewe kwamba huvumilia halijoto yoyote, ikiwamo ya friza.

Na hapo tumegusa neno ambalo halijapata amani. Kwa kipimo kinachosomwa katika kipimajoto tunayo jotoridi na halijoto, na bado wengi huandika joto tupu. Matokeo yake ni usemi kama joto la barafu ni sifuri, ambao mwanafunzi huusikia kama fumbo: barafu ina joto gani? Sisi tunaelekea kwenye halijoto, kwa sababu hali hukubali kuwa ya moto na kukubali kuwa ya baridi. Jotoridi limejengwa kwa werevu, kwa kuunganisha joto na baridi, lakini linahitaji kuelezwa kila linapotumika. Vilevile badala ya kiwango cha kuganda tungependa kuona halijoto ya kugandia, kwa mfano wa mahali pa kulalia na kisu cha kukatia: halijoto ambayo ndani yake kitu huganda. Neno kiwango tayari lina mizigo mingi, ya mishahara, ya elimu na ya ubora wa bidhaa. Pia liko jirani sana na mgandamizo, na tumeona madaftari ambamo mgando na mgandamizo vimebadilishana nafasi.

Mapendekezo haya hayajapitishwa na kikao chochote, na tunayaleta hapa ili yapingwe. Tungependa hasa kusikia kutoka kwa walimu na wahudumu wa afya wa Tarime, Serengeti na wilaya jirani ya Rorya, iliyokuwa sehemu ya Tarime hadi mwaka 2007. Tunaomba watuandikie lugha zao husemaje juu ya mambo manne: maziwa yanapoganda kibuyuni, damu inapoganda, mafuta yanapoganda kwa baridi, na mawe ya mvua yanapoisha mkononi. Ikiwa lugha yoyote kati ya hizo ina kitenzi chake kwa kila moja, tutafurahi kuvipata vyote vinne, pamoja na sentensi moja ya mfano kwa kila kitenzi na jina la kijiji ambako husemwa hivyo.